Kiingereza Changu cha Kupinga Hoja

Adhabu ya kusema Kifaransa katika klabu yetu ya Kiingereza ilikuwa kucheza. Si kutikisika kidogo ukiwa umeshika kiti, bali kujitokeza mbele ya darasa, wenzako wakipiga makofi na mmoja akipiga meza badala ya ngoma. Ukisema Kiswahili, adhabu ni hiyo hiyo. Mwezi wangu wa kwanza nilicheza kuliko nilivyocheza katika harusi zote nilizowahi kualikwa, na mimi ni mwanamke wa umri wa kuitwa bibi, ambaye magoti yake hulalamika kila akiona ngazi.

Kilichozidisha ubaya ni kwamba mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Nusu ya vijana wale walipita mikononi mwangu. Mwenyekiti mwenyewe, binti anayesomea uuguzi, nilimfundisha miaka yake yote ya sekondari, na imla zake nilizijaza wino mwekundu mpaka karatasi ikaonekana kama imechinjiwa kuku juu yake. Sasa kengele ilikuwa mkononi mwake. Kila neno la Kifaransa liliponiponyoka alinitazama kwa heshima zote, akaigonga, akasema kwa Kiingereza: "Mama Mwalimu, mbele tafadhali." Nadhani alifurahi sana. Ningekuwa yeye, nami ningefurahi.

Kilichonipeleka pale ni ng'ombe.

Kaka yangu anafuga huko Boga. Binti yake alikuja kukaa kwangu Bunia, huku Kongo, mtaa wa Lumumba, ili asome. Akasoma, akamaliza, akapata kazi, na hakurudi tena. Amekuwa wangu kuliko wake, ingawa hilo silisemi mbele ya kaka. Kisha akaja kijana Mganda, wa kabila la Wateso, upande wa mashariki kabisa wa nchi yao, fundi wa kuchimba visima. Alikuja kuchimba kisima karibu na kazini kwa binti yetu. Akachimba, maji yakatoka, wenzake wakapanda gari wakaenda zao, yeye akabaki. Baada ya muda wazee wake wakatuma ujumbe kwamba wanataka kuja kumwomba binti.

Kaka alifurahi. Alinipigia simu kutoka Boga, akacheka, akasifu kazi ya visima, akauliza kama kijana anasali. Halafu akauliza neno alilopaswa kuuliza kwanza.

"Watasema luga gani?"

"Kiingereza, kaka."

"Hawajue Kiswahili?"

"Kijana anajua ya kuuzia na kununulia. Wazee hapana. Kule kwao Kiswahili ni luga ya maaskari, watu hawaipende."

"Na Kifaransa?"

"Kaka, ni Waganda."

Akaguna. Kisha akasema, "Basi weye njo utajibu," yaani ni mimi wa kujibu.

Nilimwambia mimi najua Kifaransa, Kiingereza nilikutana nacho shuleni tu, tena tulifundishwa bila kukisema. Hakusikia. "Si luga njo kazi yako?" Kwa kaka yangu lugha ni kama ng'ombe: aliyeweza kumkamua mmoja anaweza kuwakamua wote.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu. Siku ya kuzungumza ng'ombe wa mahari, baba wa binti hasemi. Anakaa, anashika fimbo yake, na maneno yake yanatolewa na mdomo wa nyumba, yaani mtu mmoja wa damu yake aliyechaguliwa. Kijana anayeoa hasemi. Binti amefichwa ndani mpaka aitwe. Basi nikamwambia kaka tutafute mkalimani, Bunia haikosi mtu.

"Mukalimani? Mutu wa inje apitishe ngombe zangu mu kinywa yake? Akipunguza neno moja, nani atajua? Kama haiko mudomo ya nyumba, wabaki kwao."

Kaka yangu akisema wabaki kwao, hatanii. Aliwahi kuwarudisha wakwe wa dada yetu mdogo kwa sababu walimtuma mjomba badala ya baba mdogo, wakati nyama tayari iko jikoni.

Binti alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulikuwa umesimama zamani. Alikuja mlangoni na mikono yake ya kijani, akaniuliza, "Tantine, utaweza?" Tantine ndivyo watoto wa mjini wanavyotuita mashangazi. Nikajibu nitaweza, kwa sababu sikuweza kuyavumilia yale macho. Wageni walikuwa wakingoja mvua ipungue na barabara ikauke. Nisipopata Kiingereza kabla ya hapo, hawatapokelewa, na binti ama atamkosa mtu wake, ama atamfuata bila baraka za baba, na kaka yangu hatasema tena jina lake. Nilimjua baba na nilimjua binti. Usingizi ulinipungua.

Klabu ilikutana Jumapili baada ya ibada, katika darasa la shule ya msingi, tukiwa tumebanana kwenye madawati ya watoto. Kazi yetu ilikuwa moja: mdahalo. Hoja inaandikwa ubaoni, upande mmoja unaunga mkono, upande wa pili unapinga, na kila msemaji anaanza kwa kuisalimia dunia nzima: mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa mtunza saa, waheshimiwa majaji, wapinzani wapendwa, wageni waalikwa. Sisi watu wa Bunia tunazipenda salamu za namna hiyo. Hata mkutano wa kununua sufuria ya kwaya hauanzi bila hizo. Mimi nilikaa upande wa kupinga kwa sababu ndiko dawati lilikokuwa na nafasi, na sikuhama tena.

Hoja ya Jumapili moja ilikuwa kwamba nchi nyingine zinajua Kiingereza kuliko yetu kwa sababu zilitawaliwa na Waingereza. Kijana wa kwanza alisema jambo liko wazi, Waganda walimpata Mwingereza, sisi tukampata Mbelgiji, mambo yamekwisha, twendeni nyumbani. Akasimama binti mmoja wa upande wetu, wa familia iliyohamia kutoka Butembo, muuza simu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akauliza: basi mbona Tanzania Mwingereza alikaa, na leo ukifika unaomba maji kwa Kiswahili? Na mbona ziko nchi ndogo za Ulaya ambazo Mwingereza hakuzitawala hata siku moja, na watoto wao wanakiongea kama wamezaliwa nacho? Mwingine akamjibu kwamba hizo ni nchi ndogo, lugha yao haifiki mbali, na filamu wanazitazama hivyo hivyo kwa Kiingereza, maandishi chini. Sisi filamu zetu kuna mtu anapiga kelele juu yake kwa Kiswahili au Kilingala, na tunampenda yeye kuliko filamu yenyewe. Darasa zima lilicheka kwa sababu ni kweli.

Neno lililonikaa kichwani lilitoka kwa mwenyekiti, mwanafunzi wangu wa zamani. Alisema Uganda wana lugha nyingi na hakuna hata moja iliyokubali kuinama mbele ya nyingine, kwa hiyo Kiingereza kilikaa katikati, mgeni asiye wa mtu. Lakini sisi? Sokoni Kiswahili, ofisini Kifaransa, kwenye muziki Kilingala, kwa bibi lugha ya nyumbani. Kiingereza kikifika Bunia kinakuta viti vyote vimekaliwa.

Ikawa zamu yangu. Nilisimama nikijua kabisa nataka kusema nini. Nikatengeneza sentensi kichwani. Nikaikagua. Kitenzi hakikunipendeza, nikakibadilisha. Nikaona kilichobadilishwa kimeharibu mwisho, nikarudi mwanzo. Nilikuwa bado nasahihisha mtunza saa alipogonga meza: muda wangu umekwisha, na sijafungua kinywa. Nilikaa. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi.

Jumapili iliyofuata ikawa vile vile, na nyingine baada yake. Nilicheza kwa Kifaransa kilichoniponyoka, nikanyamaza kwa Kiingereza kilichokataa kutoka. Nyumbani binti alikuwa akiniuliza, akipuliza makaa, "Leo ulisema, Tantine?" Nami nikajibu, "Leo nilisikiliza sana." Mvua ilianza kupungua. Nilikasirika nilipoona nguo zinakauka haraka kwenye kamba.

Kisha ikaja Jumapili ya kijana mmoja mwenye tai. Alikuwa amefika kwa mara ya kwanza, maridadi, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la Bunia halimhusu. Akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba sababu ya sisi kutojua Kiingereza ni moja tu: Wakongomani ni wavivu wa lugha.

Eh! Nilisimama bila kupewa ruhusa. Sikusalimia mtu.

"Mvivu nani?" nilisema, na nilisema kwa Kiingereza. "Mtoto wa Bunia anafika darasa la kwanza na lugha tatu mdomoni! Nani alimpa maksi? Alizipata uwanjani, akicheza, akikosea, na hakuna aliyemwekea wino mwekundu. Halafu anaingia shule, anakutana na mimi! Kifaransa tunakijua, lakini tunakijua kwa kuogopa. Mganda akikosea Kiingereza chake anaendelea na safari, kama mtu aliyekanyaga tope. Sisi tukikanyaga tope tunarudi nyumbani kubadilisha viatu. Wewe unauita huo uvivu? Huo ni woga, bwana, na waliotufundisha woga huo ni walimu, na mimi ni mmoja wao, na leo nimechoka!"

Sarufi ilivunjika vipande vipande. Wingi na umoja vilikaa kiti kimoja. Ingekuwa karatasi ya mwanafunzi wangu, ningeipa sifuri na maneno makali pembeni. Lakini niliongea mpaka mtunza saa akachoka kugonga, na nilipokaa darasa lilikuwa limesimama. Mwenyekiti akangoja makofi yaishe, akagonga kengele yake. Nilikuwa nimechanganya neno moja la Kifaransa. Nilienda mbele nikacheza mikono juu kama pembe, ndivyo tunavyocheza sisi watu wa ng'ombe, na sijawahi kuadhibiwa kwa furaha namna ile.

Tangu siku hiyo Kiingereza kilinijia, ila kwa sharti moja: niwe ninapinga. Kukubali kulinikuta bubu. Binti ndiye aliyegundua. Tulikuwa tunakula, akasema kwa Kiingereza, ili nifanye mazoezi, kwamba samaki wa leo ni mtamu. Nikatafuta la kujibu, nikakosa. Akajaribu tena: samaki wa leo hana ladha, aliyempika hajui kupika. Aliyempika ni mimi. Maneno yalimwagika mpaka ugali ukapoa, naye akacheka hadi machozi. Basi tukawa tunafanya mazoezi kwa kugombana, kila jioni, kwa Kiingereza, juu ya chumvi, juu ya mkaa, juu ya nani ameacha mlango wazi. Jirani yetu alikuja kuuliza kama kuna amani nyumbani.

Wageni walifika kiangazi, wamepitia Mahagi, nguo zao nzuri zimegeuka rangi ya barabara yetu. Tuliazima viti vya plastiki kanisani, tukafunga turubai uani. Kaka alikuja kutoka Boga na kofia yake na fimbo yake, akakaa mbele kabisa, uso umefungwa. Mwenyekiti wa klabu alikuja kusaidia kugawa vinywaji. Kijana alikaa nyuma ya wazee wake, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa.

Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu, mkuu wa shule mstaafu. Alisimama, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba wametembea nchi mbili kwa sababu kijana wao aliona mtamba mzuri katika boma letu, nao wamekuja kuomba waondoke naye. Akakaa.

Watu wote wakanigeukia. Kaka hakunitazama; alitazama ncha ya fimbo yake.

Nilisimama kutafuta maneno ya upole. Karibuni, tumefurahi, safari ilikuwaje. Nilikuwa nayo jana. Nikatengeneza sentensi, nikaikagua, kitenzi hakikunipendeza. Nilisikia kichwani mtunza saa anagonga meza. Nyuma ya pazia, binti akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu ambaye maisha yake yako mdomoni mwa mwingine, na kinywa changu kikafunguka chenyewe na kutoa Kiingereza pekee kilichokuwa ndani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa mtunza saa, waheshimiwa majaji, wapinzani wapendwa. Upande wetu unapinga hoja hii kwa nguvu zote."

Kijana alifumba macho. Mwenyekiti wa klabu alisimama katikati ya ua na sinia la soda, mdomo wazi. Nilijua nimeharibu, na kwa kuwa nimeharibu, sikuona faida ya kunyamaza.

"Kwanza, hoja haina ushahidi. Mnasema mtamba alionekana. Nani alimwona, na alimwona akifanya nini? Pili, mnasema kijana ni fundi wa visima. Napinga! Mtu anayechimba kila mahali, tutajuaje kwamba kesho hatachimba kwa jirani?"

Mzee mrefu alisimama polepole. Akafunga kifungo cha koti lake. Akanyoosha mkono juu, uso hauna hata dalili ya kicheko, akanguruma, "Taarifa, Mheshimiwa Spika!"

Wageni wote waliangua kicheko. Mama mmoja alipiga kiti chake cha plastiki kama bunge zima. Kumbe yule mzee alisimamia midahalo ya shule maisha yake yote, na kumbe huko kwao ndivyo watoto wanavyokipata Kiingereza, kwa kubishana kila wiki bila aibu, aliyekosea akiendelea tu mpaka atakapopatia. Akajibu hoja yangu ya kwanza. Nikaipinga. Akatetea visima, nikavipinga. Akanishutumu kwamba natumia hasira mahali pa ushahidi, nikamwambia hasira ndiyo mwalimu wangu, nikamsimulia klabu yetu, kengele, na adhabu ya kucheza. Aliisikiliza kwa makini kabisa, akasema ni sheria nzuri.

Watu wetu hawakuelewa hata neno, lakini waliona ninavyonyoosha kidole, wakadhani nawapiga wageni vibaya sana, na kila nilipokaa walipiga vigelegele. Katikati ya hayo kaka akaniinamia.

"Unasema nini?"

"Minakataa."

"Bado kataa."

Hapo moyo wangu ulitulia. Maana desturi yetu inataka hivyo hivyo: upande wa binti ukatae, ukatae sana, ukatae kwa ufundi, mpaka wageni wathibitishe kwamba wanamtaka kweli. Kiingereza cha kukubali kingetuaibisha. Tulibishana juu ya ng'ombe mpaka kivuli cha turubai kikahamia ukutani, nikapinga idadi, nikapinga rangi, nikapinga hata pembe za ng'ombe ambao sijawaona. Mwishowe mzee mrefu akasema upande wake umeishiwa hoja, umebakiwa na upendo tu. Hilo nilishindwa kulipinga. Nilimgeukia kaka, naye akatikisa kichwa kukubali.

Ikabaki kumwita binti. Desturi inataka shangazi amwulize mbele ya wote. Alitoka ndani na kitenge chake kipya, nikamwuliza kwa Kiingereza, ili wageni wasikie: unawajua watu hawa? Tupokee ng'ombe wao?

Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu mara nyingi. Lakini hakunitazama mimi, alimtazama baba yake, na macho yalikuwa yamejaa.

"Baba, muwapokee."

Mzee mrefu aliruka kutoka kwenye kiti. "Taarifa! Hicho si Kiingereza! Adhabu!" Na mwenyekiti wetu, ambaye kumbe alikuja na kengele ndani ya mkoba wake, akaigonga. Wageni wakapiga makofi, watu wetu wakadakia bila kujua sababu, na binti akacheza, analia na kucheka pamoja, mikono juu kama pembe.

Ndipo kaka yangu akasimama. Makofi yakapungua, yakakatika. Aliivua kofia yake, akaiweka juu ya kiti.

"Ile azabu," akaniuliza, "ni ya kila mutu?"

"Ya kila mutu anasema Kiswahili, kaka."

"Basi miye nimesema Kiswahili tangu asubui."

Akanikabidhi fimbo yake, akainua mikono, akaingia uwanjani kando ya binti yake. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona akicheza. Labda tulipokuwa bado tunachunga ndama. Alizunguka mpaka akafika mbele ya yule mzee mrefu, akamfungulia mikono, akamkumbatia mbele ya watu wote, na kwa furaha kubwa akampa Kiingereza chote alichokuwa amekikusanya kwangu tangu asubuhi: "Napinga! Napinga! Napinga!"

Sikumsahihisha.